Mfereji Mmoja Haukaushi Mto: Kwa Nini Mpango wa Ardhi Upimwe Mapema

Wengi wetu tunaotoka vijijini tumewahi kusikia maneno "mpango wa matumizi ya ardhi". Ramani inachorwa na eneo linagawanywa: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu. Swali lisiloulizwa mara nyingi ni hili: mipango ya vijiji, wilaya na mikoa ikitekelezwa yote kwa pamoja, maji, misitu na udongo vitabaki katika hali gani?

Tathmini za aina mbili

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania, ya mwaka 2004, inatambua tathmini za aina mbili. Tathmini ya Athari kwa Mazingira (TAM) hufanywa kwa mradi mmoja, kama kiwanda, bwawa au barabara. Tathmini ya Mazingira Kimkakati (TMK) hupima sera, mpango au programu nzima. TAM huuliza: mradi huu ujengwe vipi ili usilete madhara? TMK huanza na swali la awali zaidi: je, shughuli hii inafaa kuwekwa katika eneo hili, na kuna njia gani nyingine?

Kwa nini tathmini ya kila mradi peke yake haitoshi? Katika somo la mantiki tunafundishwa kujihadhari na kosa la kuchukua sifa ya sehemu na kuipa kitu kizima. Tofali moja ni jepesi, lakini haifuati kwamba nyumba ni nyepesi. Vivyo hivyo, miradi kumi inaweza kuwa na madhara madogo kila mmoja, na kwa pamoja ikaharibu bonde zima. Madhara hayo yanayojumlishwa huitwa athari limbikizi.

Funzo la Ruaha Mkuu

Mfano ulio wazi ni Mto Ruaha Mkuu. Maji yake hukusanyika katika tambarare za Usangu, mkoani Mbeya, hupita ardhi oevu ya Ihefu, kisha Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na huchangia mabwawa ya umeme ya Mtera (megawati 80) na Kidatu (megawati 204). Kwa miaka mingi Usangu ilipokea mashamba makubwa ya mpunga ya serikali, mifereji mingi ya wakulima wadogo, na wafugaji waliohamia na mifugo yao. Kila hatua ilikuwa na sababu yake njema: chakula, kipato, malisho. Lakini kuanzia mwaka 1993, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi.

Hakuna mfereji mmoja uliokausha mto. Palikosekana jumla. Na hesabu ilipokuja kuchelewa, iliwaangukia wengine kwa uzito: kuanzia mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, ingawa watafiti walikuwa wameonyesha kwamba uchepushaji wa maji ya umwagiliaji wakati wa kiangazi ulikuwa sababu kubwa ya kukauka huko.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Tathmini nzuri ya mpango hupitia hatua zinazoeleweka. Kwanza, huandika hali iliyopo: maji kiasi gani, msitu kiasi gani, watu wanaishi kwa nini. Pili, hulinganisha njia mbadala, ikiwemo ya kuacha mambo yalivyo. Tatu, hujumlisha athari na kuzifuata hadi mwisho wa mto, hata nje ya mipaka ya wilaya. Nne, huwasikiliza watakaoguswa. Tano, huweka utaratibu wa kufuatilia, ili mpango urekebishwe ukianza kudhuru.

Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, anafundisha jambo hilihili: tathmini iwe sehemu ya mpango tangu mwanzo, isije baada ya uamuzi kukamilika, na wenyeji wa eneo wapewe nafasi ya pekee katika mazungumzo.

Sisi tufanye nini?

Kisheria, mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji ili uidhinishwe, na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wa mkutano huo. Tusiende kupiga makofi tu. Tuulize: maji ya shughuli hii yatatoka wapi mwezi wa Oktoba? Vijiji jirani vimepanga nini kwenye mto huohuo? Nani atapoteza shamba au malisho, na atakwenda wapi? Njia gani nyingine ilifikiriwa?

Maswali haya hayapingi maendeleo. Mkulima wa mpunga anahitaji maji, na aliye chini ya mto anayahitaji vilevile. Kuwapimia wote wawili kabla ya kuchimba mfereji ni haki. Kumfukuza mmoja wao mto ukishakauka ni kuchelewa.