Shilingi ya Dijitali: Je, Itatufaa?



Wengi mmetuuliza kama ni kweli Benki Kuu inatoa pesa mpya isiyo noti wala sarafu. Tueleze.

Pesa iliyo kwa M-Pesa, huduma iliyoanza 2007, ni ahadi ya kampuni. Shilingi zenyewe zimewekwa benki kwa niaba yenu. Shilingi ya dijitali ingekuwa ahadi ya Benki Kuu yenyewe, sawa na noti, ila haishikiki kwa mkono.

Benki Kuu ya Kenya iliomba maoni ya wananchi Februari 2022. Juni 2023 ikatangaza kwamba jambo hili si la haraka. Basi mtu akija kikundini kuwauzia “shilingi mpya ya serikali”, msitoe hata senti. Huyo ni mwizi.

Nigeria walianzisha yao, eNaira, Oktoba 2021. Watu walifungua pochi hizo za simu, lakini nyingi zikalala tu bila kutumika. Tunajifunza nini? Pesa mpya peke yake haimfikii maskini. Mama asiye na simu, kitambulisho wala netiwaki atabaki nje vile vile.

Kwa hivyo, katika mkutano ujao ulizaneni: Nani hutumia simu ya mwingine kupokea pesa? Nani hana kitambulisho? Nani amempa jirani namba yake ya siri? Hao ndio tuanze nao, hata kabla serikali haijaamua lolote.