Kabla Hajafika Polisi

Mtu aliyeteleza shambani huumia viganja, magoti, pengine kidevu. Aliyepigwa mara nyingi huumia upande wa nje wa mkono, kati ya kiwiko na kifundo, kwa sababu aliuinua kukinga uso. Nesi mzoefu anaijua tofauti hiyo. Lakini mama akisema ameanguka, mara nyingi daftari huandikwa ameanguka, anapewa dawa ya maumivu, na anayefuata anaitwa.

Tukizungumzia ukatili wa majumbani tunawatazama polisi. Dawati la Jinsia na Watoto, lililoanza mwaka 2008, limewaepusha wanawake wengi na fedheha ya kueleza kipigo kwenye kaunta iliyojaa watu. Hata hivyo, kwa mama wa visiwani Muleba, hapa Kagera, kulifuata dawati bara ni kutafuta nauli ya boti na kumuaga yule yule aliyempiga. Kliniki huenda bila maswali. Hapo ndipo serikali humwona mapema, na hapo hapo humpoteza.

Wapo wanaosema jambo hili ni la aibu mno kuulizwa na nesi. Kagera haina haki ya kuishikilia hoja hiyo. Wagonjwa 3 wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, enzi ambazo ugonjwa huo ulitajwa kwa mafumbo. Leo mjamzito anashauriwa na kupimwa VVU tangu hudhurio la kwanza. Imewezekana kwa sababu wahudumu walifundishwa kuuliza, chumba cha faragha kikapatikana, na aliyekutwa na virusi akawa na pa kupelekwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 haushauri kila mwanamke aulizwe kwa pupa. Unataka aulizwe palipo na dalili, akiwa peke yake, tena na mhudumu aliyeandaliwa kumsaidia. Neno peke yake ni zito hapa kwetu, kwani tumewahimiza wanaume, kwa nia njema, wawasindikize wake zao kliniki. Wapo wanaokuja kwa upendo, na yupo anayekuja kuhakikisha mke hasemi. Kila hudhurio linahitaji dakika chache za mama na nesi tu, mlango umefungwa, na iwe ni utaratibu kwa wote ili asishukiwe yeyote.

Akishasema, ataenda wapi? Hili ndilo linalonisumbua zaidi. Uhayani kibanja, yaani shamba la nyumbani, kwa kawaida ni cha ukoo wa mume. Migomba aliyoipalilia, kahawa aliyoichuma, chakula cha wanawe, vyote viko humo. Akiondoka na kanga zake, ameviacha. Ndiyo maana wengi hurudi, nasi tunawaita wavumilivu.

Haki zake zipo kwenye maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, hata mila ikisema vingine. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, iliitambua kazi ya nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, akasema mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kama awezavyo mwanaume. Lakini talaka kwa kawaida hupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Mahakama inaweza kuiondoa hatua hiyo penye mazingira ya kipekee. Nani humweleza hivyo mama aliyevimba jicho?

Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, Uganda ina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani tangu mwaka 2010, na Kenya tangu 2015. Huko mahakama inaweza kumwamuru mtesaji akae mbali na aliyemtesa. Tanzania haina sheria mahususi ya namna hiyo. Bunge liitunge. Wakati tunaisubiri, afisa ustawi wa jamii na mtendaji wa kata, wakiitwa penye kipigo, waache kumuuliza mama kama ana ndugu wa kumhifadhi. Wamuulize mume atalala wapi.