Nyuso Zisizojiandaa: Picha za Wapita Njia New York

Upigaji picha za mitaani ni kazi ya kunasa watu wakiwa katika shughuli zao, bila kuwapanga na mara nyingi bila wao kujua. Mtu akijua anapigwa picha hujiweka sawa: hutabasamu, hunyoosha shingo, hutengeneza nguo. Anayetaka uso usiojiandaa hana budi kuwahi kabla ya hapo, na jijini New York jambo hilo limezaa mbinu nyingi za kuificha kamera.

Mwaka 1916 mpiga picha Paul Strand alifunga lenzi ya bandia ubavuni mwa kamera yake. Watu waliona lenzi hiyo imeelekezwa kwingine, kumbe ile halisi inawatazama wao. Hivyo ndivyo alivyopata nyuso za wazee na maskini wa jiji.

Kati ya 1938 na 1941, Walker Evans aliingia na kamera ndogo ya Contax katika treni za chini ya ardhi. Alizipaka rangi nyeusi sehemu zake zinazong'aa, akaificha ndani ya koti, lenzi ikichungulia kati ya vifungo. Waya wa kufyatulia ulipita ndani ya mkono wa koti hadi kiganjani. Hakuweza kuchungulia katika kamera wala kutumia flashi. Alimsubiri abiria wa kiti cha mbele yake atulie, ndipo akabonyeza. Mara nyingi alifuatana na mpiga picha mwenzake, Helen Levitt. Kitabu cha picha hizo 89, *Many Are Called*, hakikutoka hadi 1966. Evans alitaka miaka ipite kwanza, kwa kuwajali waliopigwa picha.

Kati ya 1999 na 2001, Philip-Lorca diCorcia alitundika taa za flashi juu ya njia ya waenda kwa miguu huko Times Square, akawapiga picha kwa mbali waliopita chini yake. Mmoja wao aligundua kwamba picha yake ilikuwa imeuzwa, akashtaki. Sheria ya New York ya 1903 inakataza kutumia sura ya mtu kwa biashara au matangazo bila idhini yake ya maandishi. Mwaka 2006 mahakama iliitupa kesi, ikisema picha hiyo ni sanaa.

Kwingineko uamuzi umekuwa tofauti. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada ilimpa haki msichana wa Quebec aliyepigwa picha akiwa ameketi kwenye ngazi za jengo, ikachapishwa katika jarida bila ridhaa yake. Alilipwa fidia ya dola 2,000.

Sheria basi huweka mipaka, na mipaka hiyo hutofautiana. Lakini popote pale, aliyepigwa picha kwa kamera iliyofichwa hakupata nafasi ya kukataa. Kwa hiyo ni wajibu wa mpiga picha kuchagua picha ipi itoke na ipi isitoke, akiacha ile inayomdhalilisha mtu, hata kama sheria inaruhusu.