"Jeni ya Saratani" au "Jeni Zuizi"?

Tangu Ebola ya mwaka 2018, ambayo kitovu chake cha kwanza kilikuwa Mangina, msamiati wetu wa maradhi umetawaliwa na neno "ambukizo". Saratani ya tezi dume haiambukizi. Huzuka ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe. Jeni iitwayo BRCA2, iliyotambuliwa mwaka 1995, huilinda seli kwa kusaidia kukarabati DNA iliyovunjika. Kila mtu anazo nakala 2, moja kutoka kwa kila mzazi. Aliyerithi nakala mbovu hubaki na mlinzi mmoja. Huyo naye akianguka, seli huweza kugawanyika pasipo kizuizi.

Kuiita "jeni ya saratani" (Kifaransa nacho hukosea vivyo hivyo) ni kumshtaki mlinzi kwa kosa la mwizi, na mwana wa mgonjwa hudhani amekwisha kuhukumiwa. Kinachorithiwa na wachache ni kasoro, si jeni. Napendekeza "jeni zuizi", na kwa mwenye kasoro, "jeni zuizi iliyoharibika".