Seli Inayokataa Kufa

Hebu inua mkono wako, msomaji, utazame nafasi zilizo kati ya vidole. Mwanzoni ulipokuwa tumboni mwa mama yako, nafasi hizo hazikuwapo. Mkono ulikuwa kama kafi, vidole vimeunganishwa na ngozi mithili ya mguu wa bata. Kisha seli zilizokuwa katikati zikapata amri ya kufa, zikafa kimya kimya bila kidonda wala usaha, na vidole vikaachana. Lau zingalikaidi, leo ungelishika gazeti hili kwa taabu.

Kifo cha namna hii kilipewa jina mwaka wa 1972 na wanasayansi watatu, Kerr, Wyllie na Currie. Walikiita apoptosisi, kutokana na neno la Kigiriki la majani yanayopukutika mtini. Kinaendelea mwilini mwako hata sasa unaposoma. Seli iliyoharibika au kuingiwa na virusi hujimaliza yenyewe kabla haijawaletea jirani zake balaa.

Je, amri hiyo hupitia wapi? Mwanafunzi yeyote wa shule ya upili atakwambia kwamba mitokondria ni kinu cha nguvu cha seli, na hapo atapata alama zake. Jambo lisilosisitizwa sana ni kwamba kinu hicho hicho kimehifadhi kifo. Ndani yake mna protini iitwayo sitokromu c, ambayo kila siku husaidia kutengeneza nguvu. Mwaka wa 1996, maabara ya Xiaodong Wang huko Marekani ilionyesha kwamba protini hiyo ikivuja nje ya mitokondria, huamsha vimeng'enya vinavyoikatakata seli.

Kwa hivyo mlango wa kinu unahitaji askari, naye ni protini iitwayo Bcl-2. Jeni yake iligunduliwa katikati ya miaka ya 1980 katika saratani ya tezi za limfu. Wengi walidhani kazi yake ni kuzifanya seli zizaane ovyo. Lakini mwaka wa 1988 David Vaux, aliyekuwa bado mwanafunzi huko Melbourne, Australia, pamoja na Suzanne Cory na Jerry Adams, walionyesha kwamba haizidishi seli hata kidogo. Inazizuia kufa. Saratani ikaanza kutazamwa kwa jicho jingine: kumbe uvimbe waweza kukua kwa sababu wa kuondoka hawaondoki!

Ili kumchunguza askari huyu, watafiti walihitaji protini nyingi iliyo safi, na huwezi kumkamua binadamu kama ng'ombe. Njia iliyopo ni kuchukua jeni ya binadamu, kuiunganisha na DNA ya bakteria aitwaye E. coli, jamaa ya wale wanaoishi matumboni mwetu, na kumrudishia. Bakteria huisoma jeni hiyo kama yake, akatengeneza protini ya mtu bila kujua. Akipata chakula na joto hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na kufikia asubuhi chupa imejaa. Hapo hupasuliwa na protini ikachujwa. Usidhani mambo haya yako mbali nawe. Ikiwa nyumbani kwenu kuna mtu anayejidunga insulini kwa ajili ya kisukari, huenda dawa yake ilitoka kwa viumbe wadogo kama hao. Insulini ya aina hiyo iliidhinishwa mwaka wa 1982. Kabla ya hapo ilitolewa kwa nguruwe na ng'ombe.

Bcl-2 ilisumbua. Ina mkia unaopenda mafuta, ambao huuchomeka katika utando wa mitokondria, na ndani ya maji protini hugandamana. Watafiti wakaukata mkia. Mwaka wa 1996, umbo la ndugu yake, Bcl-xL, aliyetengenezwa na bakteria, lilichorwa, na usoni mwake kukaonekana mfereji. Humo ndimo askari anamowakamata wajumbe wa kifo. Ukiuziba mfereji kwa kemikali ndogo, askari amefungwa pingu na mlango uko wazi.

Kutoka mchoro hadi kidonge kulichukua miaka 20. Mwaka wa 2016 Marekani iliidhinisha venetoclax, dawa inayomfunga pingu Bcl-2, kwa aina moja ya saratani ya damu. Bei yake, nakiri, si ya mfuko wa mtu wa kawaida.

Ajabu ni kwamba tatizo mojawapo la dawa hii ni kufanya kazi kwa kasi. Seli zilizokataa kufa kwa miaka huweza kufa kwa wingi ndani ya saa chache, na mabaki yake yakayalemea mafigo. Kwa hivyo mgonjwa wa saratani hiyo huanzishwa kwa miligramu 20 tu kwa siku, akaongezewa kila juma hadi afikie 400 katika juma la tano, huku akinywa maji mengi na kupimwa damu mara kwa mara.