Kizimba Kimoja, Wachuuzi Wawili

Katika Soko la Majengo, Dodoma, mchuuzi akiona kizimba kitupu kisha akaenda kufuata nyanya zake, akirudi huenda akamkuta mwenzake ameshatandaza. Programu za kompyuta hugombana vivyo hivyo.

Kompyuta hupokea mawasiliano kupitia poti, milango yenye namba hadi 65535. Tovuti hutumia 80 na 443. Wanaojifunza, wawe Chuo Kikuu cha Dodoma au kwingineko, huzoea 8080, na wakichangia seva moja hugongana.

Kosa ni kuuliza kwanza kama poti iko wazi, halafu kuishika baadaye. Mwanya huo, hata uwe mdogo kuliko kupepesa jicho, unatosha programu nyingine kupenya. Tena ni hitilafu yenye hila: hujificha miezi, ikaibuka siku seva imelemewa.

Dawa ni kuomba poti 0. Mfumo endeshi huchagua iliyo wazi na kuikabidhi kwa hatua moja, kisha programu husoma namba iliyopewa. Ikilazimu 8080, ishikwe bila kuuliza. Ikikataliwa, ijaribiwe tena baadaye, kwani huenda poti bado haijaachiliwa. Mfumo endeshi wa Linux, kwa mfano, huweza kushikilia mabaki ya muunganisho uliofungwa kwa sekunde 60.