Maporomoko ya theluji iliyolowa

Maporomoko ya theluji iliyolowa ni maporomoko yanayotokea mlimani wakati maji ya mvua, au ya theluji inayoyeyuka, yanapopenya ndani ya theluji na kuilegeza. Hutokea hasa katika majira ya kuchipua, yaani kati ya Machi na Mei kwenye nusu ya kaskazini ya dunia, katika milima kama Alpi ya Ulaya na Milima ya Rocky ya Amerika Kaskazini. Majira hayohayo hupendwa sana na watu wa skii ya milimani, ambao hupanda kwa nguvu zao wenyewe nje ya viwanja vya skii vinavyosimamiwa, kisha huteremka kwa kuteleza. Kwao hatari hii hufuata saa: mteremko unaopitika vizuri saa 2 asubuhi unaweza kuua saa 7 mchana.

Jinsi theluji inavyolegea

Theluji ya majira ya baridi kwa kawaida ni kavu, na punje zake zimeshikamana kwa viungo vidogo vya barafu. Jua likipata nguvu, tabaka la juu hufikia 0 °C na kuanza kuyeyuka. Theluji mpya hurudisha angani asilimia 80 au zaidi ya mwanga wa jua, lakini theluji ya zamani hurudisha kiasi kidogo zaidi, hasa ikiwa imechafuka. Vumbi la jangwa la Sahara, ambalo upepo hulifikisha hadi Alpi, huharakisha kuyeyuka huko.

Maji kidogo hayaleti madhara. Hushikanisha punje kama yanavyoshikanisha mchanga wa ufukweni, ambao watoto huujengea nyumba. Yakizidi, viungo vya barafu huyeyuka na theluji hupoteza nguvu yake. Mahali pa hatari zaidi ni ndani, pale maji yanaposhuka na kukutana na tabaka yasiloweza kulipita kwa urahisi, kama vile ukoko wa barafu. Hapo husambaa kando, hulainisha mpaka kati ya matabaka mawili, na tabaka lote la juu huweza kuteleza. Maporomoko makubwa hutokea hasa maji yanapofika kwa mara ya kwanza kwenye tabaka dhaifu lililobaki tangu majira ya baridi. Baadaye, maji yakishapata njia zake za kupita, hatari hupungua.

Umuhimu wa usiku

Wageni wengi huuliza mchana utakuwa na joto kiasi gani. Swali la maana zaidi ni kama usiku uliopita ulikuwa na mawingu. Chini ya anga safi, theluji hutoa joto lake kuelekea angani na uso wake huganda, hata kama hewa iko juu kidogo ya 0 °C. Mawingu huzuia joto hilo kama blanketi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji takriban kilojuli 334, ilhali kuipasha joto kwa digrii moja kunahitaji kilojuli 2 hivi tu. Kiasi hichohicho kikubwa lazima kitoke ili maji yagande tena. Ndiyo maana usiku mmoja wa mawingu unatosha kuacha theluji ikiwa laini, na hatari huanza mapema alfajiri.

Usiku ukiwa mzuri, ukoko mgumu hubeba mtu bila kuzama. Jua hulainisha kwanza miteremko inayotazama mashariki, kisha ya kusini, halafu ya magharibi. Muda wa kuteremka ni ule ambao sentimita chache za juu tu zimelainika. Mguu ukianza kuzama hadi magotini, muda huo umeshapita.

Mfano mzuri ni mbio za Patrouille des Glaciers nchini Uswisi, zinazoandaliwa na jeshi la nchi hiyo na zilizofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1943. Timu za watu watatu huondoka Zermatt usiku, kuelekea Verbier. Zinazochelewa katika vituo fulani huondolewa, hata kama wachezaji bado wana nguvu.

Tofauti na theluji kavu

Watu wengi wanaofukiwa na theluji kavu huwa wameianzisha wao wenyewe au wenzao. Theluji iliyolowa mara nyingi huporomoka yenyewe, bila mtu kuikanyaga. Kwa hiyo kuona nyayo za waliotangulia hakuthibitishi kitu. Mwendo wake ni wa polepole kuliko ule wa theluji kavu, ambayo huweza kupita kilomita 100 kwa saa, lakini ni nzito sana. Ikisimama hukaza kama saruji, na kumchimbua mtu huwa kazi ngumu. Hata hivyo kila mtelezaji hushauriwa kubeba kifaa cha redio kinachotumia masafa ya 457 kHz, fimbo ndefu ya kupimia kina, na beleshi. Nafasi ya kupona hushuka haraka baada ya dakika 10 chini ya theluji, hivyo wenzake waliopo hapo ndio tumaini kuu.

Dalili za kuonya ni mipira ya theluji inayobingirika yenyewe kutoka kwenye miamba, na maporomoko madogo ya jirani. Nyufa kubwa zilizopinda, ambazo watu wa Alpi huziita "midomo ya samaki", huonyesha kwamba theluji yote inateleza taratibu juu ya majani hadi ardhini. Aina hii haifuati saa. Huweza kuporomoka hata usiku, na hakuna anayejua siku yake. Njia pekee ni kutokaa chini yake.

Taarifa na mabadiliko ya tabianchi

Ulaya hutumia ngazi tano za hatari tangu mwaka 1993. Katika majira ya kuchipua, taarifa za vituo kama taasisi ya SLF ya Davos, Uswisi, huweza kutofautisha hatari ya asubuhi na ya mchana. Kadiri dunia inavyopata joto, theluji iliyolowa huonekana mapema zaidi katika mwaka na mahali pa juu zaidi, hata katikati ya majira ya baridi.

Afrika Mashariki haina majira ya kuchipua, lakini kuganda usiku na kuyeyuka mchana hutokea pia Kilimanjaro. Hapo hatari ni mawe yaliyoshikwa na barafu. Mnamo Januari 2006 mawe yaliyoporomoka kwenye njia ya Western Breach yaliua wapandaji watatu kutoka Marekani. Wanaopita njia hiyo hushauriwa kuimaliza kabla jua halijaifikia.